Umenunua Nyumba na Watu Wake

Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo na bafu uani. Iko Majengo, Kisauni au Likoni. Bei yake iko chini ya zile za jirani, na broka anakuhimiza: wapangaji wamo, utaanza kula kodi mwezi huu huu. Hakwambii kwa nini bei imeshuka. Mara nyingi sababu ni hao hao wapangaji. Mmoja hajalipa tangu mwaka jana. Wa pili anasema yeye ndiye aliyeezeka upya paa, kwa hiyo hadaiwi kitu. Wa tatu ni shemeji yake muuzaji na hajawahi kuulizwa kodi hata siku moja.

Mwongozo huu namwandikia mnunuzi wa nyumba kama hiyo hapa Kenya, awe Mombasa au Nakuru, na sheria ninazozitaja ni za Kenya. Msimamo wangu nautoa mapema. Wapangaji wengi wanaoitwa sugu hawakuja na usugu wao. Waliulea pamoja na mwenye nyumba aliyepita, aliyepokea kodi vipande vipande bila risiti, akaahidi kutengeneza choo asitengeneze, akanyamaza miezi minane kisha siku moja akaja na hasira. Wako wabaya kweli, nao nitawafikia. Lakini ukiwafukuza wote kwa pamoja utapoteza wapangaji wazuri, utapoteza kodi, na pengine wewe ndiye utakayeishia kushtakiwa.

Kabla hujatia saini

Upekuzi kwenye sajili ya ardhi ni lazima, ila ujue unakuonyesha nini. Utaona jina la mmiliki, rehani ya benki kama ipo, na zuio kama limewekwa. Hutaona nani analala chumba cha tatu. Na huyo wa chumba cha tatu ana haki inayokufunga hata kama haimo kwenye sajili: Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 28, inatambua upangaji usiozidi miaka 2 na ule wa mwezi hadi mwezi bila kusajiliwa popote. Kuuzwa kwa nyumba hakuvunji upangaji. Kodi waliyopatana na muuzaji, tarehe ya kulipa, dipoziti ambayo muuzaji ameshaila, vyote unavipokea pamoja na hatimiliki.

Kwa hiyo nenda mwenyewe. Nenda Jumapili jioni, watu wakiwa nyumbani, ukiwa na muuzaji au mtu wake wa kukutambulisha, upige hodi kila mlango. Usiende na askari wala kundi la ndugu. Chukua karatasi moja kwa kila chumba na uulize: aliingia lini, analipa ngapi na tarehe gani, anamlipa nani na kwa njia gani, alitoa dipoziti ngapi, anadaiwa au anadai, aliahidiwa nini na mwenye nyumba, anaishi na nani. Ukimaliza msomee uliyoyaandika, atie saini, na muuzaji naye atie. Mwaka ujao mtu akisimama mahakamani kudai kwamba alitoa dipoziti ya miezi mitatu, utakuwa na saini yake inayosema mmoja.

Omba pia kuona ujumbe wa M-Pesa wa miezi ya karibuni. Hapa ndipo mengi hufichuka. Tuseme muuzaji amekuandikia kwamba kila chumba ni Sh4,500 na kwamba mama wa chumba cha nne ana malimbikizo ya miezi mitatu. Unafungua simu ya mama huyo pamoja naye, unakuta ametuma Sh5,000 kila tarehe 5, bila kuruka mwezi, kwa namba isiyo ya muuzaji. Namba hiyo ni ya mtunza nyumba. Mama hana deni lolote. Kuna mtu katikati aliyekuwa akimega Sh500 kila mwezi, kisha akaanza kumeza kodi nzima. Bila ule ujumbe ungemfukuza mpangaji bora uliye naye, na funguo ungemwachia mwizi.

Ukishapata orodha ya kweli, rudi kwa wakili wako kabla bei haijafungwa. Dipoziti za wapangaji zikatwe kwenye bei, kwa sababu siku wakihama wewe ndiye utakayedaiwa. Malimbikizo ya kodi yaandikwe ni ya nani. Ushauri wangu ni yabaki kwa muuzaji, ayafuate mwenyewe, isipokuwa kama amekupunguzia bei kwa kiasi hicho. Mnunuzi anayeanza kwa kudai madeni asiyo na rekodi zake huingia ugomvi asioujua mwanzo wake. Na kama umeahidiwa nyumba tupu, mkataba useme tupu, kwa neno hilo hilo, na salio lisimfikie muuzaji mpaka vyumba viwe wazi. Kwa kawaida mnunuzi hutoa asilimia 10 akitia saini na salio siku ya kukamilisha. Salio hilo ndilo nguvu yako pekee. Likishatoka, muuzaji hana tena haja ya kupokea simu yako.

Asiyekuwa mpangaji

Baadhi ya watu utakaowakuta si wapangaji kabisa, hata kama broka amewaita hivyo, na kuwapa notisi ya kuhama ni kupoteza wakati.

Anayeongoza ni mrithi. Nyumba nyingi za zamani katika miji yetu bado zina jina la marehemu. Ndugu mmoja anauza, mwingine amekaa chumba cha mbele na hataki kusikia habari hiyo. Huyo hakai kwa kodi, anakaa kwa haki ya baba yake. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haimruhusu msimamizi wa mirathi kuuza ardhi wala nyumba ya marehemu kabla hati yake ya usimamizi haijathibitishwa na mahakama. Itake uione hiyo hati iliyothibitishwa, na kama shauri la mirathi lilipita Mahakama ya Kadhi, uone uamuzi wake kuhusu mafungu ya warithi. Anayeuza akikosa karatasi hizo, rudi nyumbani na pesa zako. Ule ni ugomvi wa ndugu, na hakuna notisi ya kuumaliza.

Kuna pia mtu aliyekaa bila kodi na bila ruhusa ya yeyote. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22, akitimiza miaka 12 ya kukaa hivyo waziwazi anaweza kuiomba mahakama imtangaze kuwa mwenye mali, na kubadilika kwa jina kwenye hatimiliki hakukatizi hesabu ya miaka yake. Anayelipa kodi, au anayekaa kwa ruhusa ya mwenyewe, hana dai hilo. Ndiyo maana yule shemeji asiyelipa humwachi hivi hivi. Pata maandishi yake mapema kwamba yuko pale kwa ruhusa ya muuzaji, yenye tarehe na saini.

Mombasa ina jambo jingine ambalo mnunuzi kutoka bara huenda hajawahi kulisikia: nyumba ya huyu juu ya ardhi ya yule. Mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi, na nyumba yake huuzwa na kurithiwa bila ardhi iliyo chini yake. Ukinunua ardhi ya namna hiyo, watu unaowaona ni wenye kuta zao, na mazungumzo nao ni ya fidia na miaka, si ya notisi ya mwezi. Ukinunua nyumba peke yake, ulizia mwenye ardhi ni nani na anadai nini. Kwa waliojenga bila idhini ya mtu yeyote, Sheria ya Ardhi kama ilivyorekebishwa mwaka 2016 inataka notisi ya maandishi isiyopungua miezi 3 kabla ya kuwaondoa kwenye ardhi ya mtu binafsi.

Mwezi wa kwanza

Umiliki ukishahamia kwako, muuzaji awaandikie wapangaji barua: nyumba imeuzwa, kuanzia tarehe fulani kodi ilipwe kwa fulani, kwa akaunti hii. Barua itoke kwake. Mpangaji aliyekuona mara moja hana sababu ya kukuamini, na akiendelea kumlipa mwenye nyumba wa zamani kwa nia njema kwa kuwa hakuarifiwa, utapata taabu kubwa kumdai mara ya pili. Kila mmoja apewe nakala yake na atie saini kwenye nakala yako.

Kisha amua juu ya mtunza nyumba. Mara nyingi anakaa bure kwenye chumba kimoja kama sehemu ya malipo yake. Ukimbakisha, mwandikie mkataba wa kazi unaotaja mshahara na unaosema chumba kinakwenda na kazi, na kodi isipite mkononi mwake tena. Fungua namba ya kulipia iliyo ya nyumba peke yake, kila chumba kikiwa na akaunti yake. Fedha taslimu zikome. Toa risiti hata kwa asiyeiomba. Kumbukumbu hizo utazihitaji pia kwa KRA, kwa kuwa kodi ya mapato ya upangaji wa makazi ni asilimia 7.5 ya kodi unayopokea kwa mwenye mapato ya kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka, na hulipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita.

Halafu tengeneza kitu. Sisemi rangi. Nasema choo kinachorudisha maji, bomba lililokatwa kwa bili ambayo muuzaji hakuilipa, waya wa stima unaoning'inia ukumbini juu ya vichwa vya watoto. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamwekea mwenye jengo wajibu wa kutunza paa, kuta kubwa, mifereji na sehemu za pamoja pale anapopangisha vyumba tu. Mpangaji aliyegoma kulipa kwa sababu ya choo anabaki bila hoja choo kikitengenezwa, na majirani waliokuwa wakimtetea wanamwacha. Ukimshtaki kabla hujatengeneza, utaulizwa wewe kwanza.

Kodi usiipandishe mwezi huo, hata kama ni ya chini kuliko ya mtaa mzima. Wape kwanza mikataba mifupi ya maandishi, yenye kodi ile ile, tarehe ya kulipa, dipoziti iliyokubaliwa na muda wa notisi. Atakayekataa kutia saini mkataba usiombadilishia kitu amekuambia jambo, nawe liandike.

Kila mmoja na dawa yake

Baada ya miezi miwili utawajua. Mdaiwa mwenye nia ya kulipa, andikianeni mpango. Kama anadaiwa Sh9,000 tangu ulipochukua nyumba, alipe kodi ya mwezi kamili na juu yake Sh1,500, na katika miezi sita yamekwisha. Aliyekwama mwezi mmoja akaja kusema kabla ya tarehe, msikilize. Watu wa vibarua na biashara ndogo wana miezi mibaya. Aliyekwama akazima simu, mwandikie siku hiyo hiyo. Deni la mwezi mmoja hulipika. Deni la miezi minane hakuna mwenye chumba cha Sh4,500 atakayeliweza, na aliyeliacha likue ni mwenye nyumba.

Yule aliyeezeka paa, usimwambie kwamba hayo hayakuhusu. Mtake risiti za mabati na jina la fundi, panda uone kazi yenyewe, na umpigie simu muuzaji mbele yake. Kama dai ni la kweli, mkatiane hesabu kwa maandishi: paa liligharimu kiasi hiki, linafidiwa kwa kodi za miezi kadhaa, kuanzia hapo analipa kama wengine. Nimewaona wanunuzi wakikataa dai la namna hii kwa kiburi, kisha wakatumia kwa mawakili pesa nyingi kuliko bei ya paa.

Mharibifu ni mtu wa aina nyingine kabisa. Nazungumzia anayeuza pombe haramu chumbani, anayepiga watu, anayevunja na kutishia, anayeingiza wageni usiku kucha katika nyumba yenye ukumbi mmoja na choo kimoja. Huyo usimvumilie kwa kuwa analipa. Wapangaji wako wazuri wanapanga kuhama kwa sababu yake, na hawatakuaga wala kukueleza sababu. Weka daftari lenye tarehe na tukio. Mambo ya jinai yaripotiwe polisi na namba ya OB ihifadhiwe. Majirani walio tayari kusema, waandike wakati bado wana ari. Chifu na mzee wa mtaa wahusishwe, kwani neno lao hutuliza mengi, ingawa hawana mamlaka ya kumtoa mtu ndani ya nyumba.

Sheria inayokuhusu

Hapa wanunuzi wengi huanguka, kwa kuwa nyumba moja inaweza kuwa chini ya sheria mbili. Maduka yaliyo chini na vyumba vilivyo juu havitolewi kwa notisi ya namna moja.

Duka, hoteli au mkahawa usio na mkataba wa maandishi, au wenye mkataba usiozidi miaka 5, unalindwa na Sura ya 301, sheria ya mwaka 1965. Humtoi mpangaji wala humpandishii kodi kwa barua ya kawaida. Kuna fomu maalumu ya notisi, nayo haianzi kufanya kazi kabla ya miezi 2 kupita. Lazima itaje sababu inayokubalika, kama vile kodi iliyochelewa miezi 2 au kuchelewesha kulikozoeleka. Mpangaji akipeleka pingamizi kwenye Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya tarehe hiyo, notisi inasimama mpaka jopo liamue. Barua yako ya WhatsApp haina nguvu yoyote mbele ya sheria hii.

Chumba cha makazi ambacho kodi yake halali haizidi Sh2,500 kwa mwezi kiko chini ya Sura ya 296, Sheria ya Udhibiti wa Kodi, na jopo lake ndilo lenye kauli. Makazi ya kodi ya juu zaidi yanafuata mkataba na Sheria ya Ardhi: kama muda haukutajwa na kodi ni ya kila mwezi, upangaji ni wa mwezi hadi mwezi, na notisi isipungue mwezi mzima. Kwa mwenye kosa, notisi itaje kosa lenyewe na impe nafasi ya kulirekebisha; nakushauri siku 30 au zaidi. Mkabidhi mkononi mbele ya shahidi, atie saini nakala yako, na akikataa, shahidi aandike kwamba amekataa. Ukipokea pesa baada ya notisi kwisha, risiti iseme ni malimbikizo, la sivyo atadai kwamba mmeanza upangaji mpya.

Mlango usiung'oe. Mabati usiyafumue. Stima na maji usikate, kufuli usibadilishe, vyombo usitupe uani. Haya hufanyika kila mwezi katika miji yetu, na kila anayeyafanya anampa mpangaji mbaya kesi nzuri: mahakama humrudisha ndani na kukutoza fidia. Kwa wapangaji wa Sura ya 296, kumsumbua mtu ili ahame ni kosa la jinai. Kukamata mali kwa ajili ya kodi nako si kazi yako wala ya vijana wa mtaa. Hufanywa na dalali mwenye leseni kwa utaratibu wa sheria, na lengo lake ni deni, halimtoi mpangaji chumbani.

Kabla ya mahakama, piga hesabu moja. Kesi inaweza kuchukua miezi, na miezi hiyo chumba hakilipi. Mara nyingi ni nafuu kumwambia mdaiwa: deni nalifuta, nakulipia gari la kuhamisha vyombo, na siku ukinipa funguo nakupa Sh5,000 za kuanzia. Wengi hawahami kwa kuwa hawana pesa ya dipoziti ya kwingine. Makubaliano yaandikwe na wakili, yataje tarehe, na pesa zitoke chumba kikiwa tupu, si kabla. Tarehe hiyo isiangukie katikati ya muhula wa shule wala ndani ya Ramadhani, ukiweza. Mtu aliyepewa nafasi ya kuhama kwa heshima hahami na bomba lako mkononi.

Ikibidi mahakama, fuata mpaka mwisho. Amri ikitoka itekelezwe na anayetambuliwa na mahakama, mchana, polisi wakiwa na taarifa, na orodha ya vyombo ikiandikwa kimoja kimoja mbele ya mashahidi. Chumba kikishakuwa wazi, piga picha, pima uharibifu, kisha fanya hesabu ya dipoziti kwa risiti za fundi na kodi iliyothibitishwa. Inayobaki mrudishie, hata kama alikusumbua mwaka mzima. Ni pesa yake.